Asali ya Inyonga, Viboko wa Katuma: Nani Anatusimulia Picha za Elimu?



Kila msimu wa harusi mdogo wangu aliyeolewa Mpanda hunitumia dumu la asali. Linapanda treni Mpanda, linapita Kaliua na Tabora, linafika Dar es Salaam, kisha linavuka bahari mpaka Unguja. Ni asali nyeusi, nzito, yenye harufu ya msitu wa miombo, kutoka upande wa Inyonga katika wilaya ya Mlele, mkoa wa Katavi. Nusu tunaila nyumbani. Nusu inakwenda kwa bi harusi yeyote wa ukoo aliyewekwa ndani, ichanganywe kwenye mambo yake pamoja na singo na liwa.

Safari hii dumu lilifuatana na kisa. Mdogo wangu alinipigia simu akanambia kwamba jioni moja mwanawe wa miaka sita alikuwa anatazama filamu ya wanyama kwenye televisheni. Zikatokea picha za Mto Katuma wakati wa kiangazi: viboko mamia wamebanana kwenye tope lililobaki, mamba wamejificha kwenye mapango ya kingo za mto. Mtoto akaruka kwa furaha, maana jina la Katavi alilisikia wazi. Halafu akamgeukia mama yake akauliza, "Mama, huyu mzungu anasema nini kuhusu kwetu?"

Mdogo wangu alisoma mpaka kidato cha nne, Kiingereza chake si kibaya. Lakini maneno ya filamu zile ni ya wataalamu, na msomaji anakwenda mbio. Akajibu, "Anasema viboko wana kiu." Alipokuwa ananihadithia alicheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, mto upo saa chache kutoka mlangoni pangu, na mimi ndiye niliyehitaji mkalimani."

Maneno yale yalinikaa moyoni. Nikaanza kutafuta: hizi filamu za elimu ya sayansi, zinazoeleza wanyama, maradhi, udongo na miili yetu, zilifikaje kwetu? Nani alizitengeneza, kwa lugha gani, na sisi wanawake tulikaa wapi katika historia hiyo? Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaleta hapa kwa sababu, kama mtakavyoona, yanamhusu kila anayejiandaa kuwa mke na mama.

Ilianzia kwenye chumba chenye giza

Kabla hatujafika Tanganyika, tumtaje mtu mmoja wa kwetu katika dini. Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham alizaliwa Basra kama mwaka 965 na akafariki Cairo kama mwaka 1040. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu nuru na kuona, Kitab al-Manadhir, alionyesha kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni, si kwa sababu jicho linarusha mwanga nje kama walivyodhani wengi kabla yake. Alichunguza pia namna mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuingia katika chumba chenye giza, ukatupa taswira ya kitu cha nje juu ya ukuta.

Chumba cha giza, tundu la mwanga na picha ukutani: hiyo ndiyo kamera, na hiyo ndiyo senema. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kutazama picha za elimu ni jambo la kigeni kabisa kwa Muislamu, mkumbushe kwa upole kwamba mmoja wa walioweka msingi wake alikuwa mwanachuoni wa Basra. Na Qur'ani yenyewe inatuhimiza tutazame. Katika Suratul Ghashiya tunaulizwa kama hatuangalii ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Kutazama kwa kuzingatia ni ibada. La kuuliza ni tunatazama nini, na nani anatueleza tunachokiona.

Vugiri, 1935: lori, mashine na safura

Mradi mmoja wa mwanzo wa filamu za elimu kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki ulianza katika vilima vya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, Tanganyika, mwaka 1935. Mradi ule ulijulikana kwa Kiingereza kama Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, Marekani, na walioongoza kazi ya uwanjani walikuwa Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Kati ya mwaka 1935 na 1937 walitengeneza filamu zipatazo 35.

Zilikuwa filamu fupi, zisizo na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri na kuchezwa pamoja na picha, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika Mashariki na Kati. Vifaa vilipakiwa kwenye lori, na lori lile likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zambia na Malawi. Usiku ukiingia, kitambaa cheupe kinatandazwa, jenereta inanguruma, watu wanakusanyika.

Walionyeshwa nini? Mmomonyoko wa udongo. Benki ya akiba ya posta. Ufugaji na kilimo. Na maradhi, hasa minyoo ya safura. Hapo natuombe tusimame kidogo, dada zangu, kwa sababu safura ni habari yetu. Minyoo ile huishi utumbo mwembamba na kunyonya damu. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakiangukia udongo wenye unyevu huanguliwa, na viluwiluwi wake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Anayeumia zaidi ni mwanamke mjamzito, kwa sababu damu yake tayari inagawiwa kwa wawili. Mama mwenye upungufu wa damu akifika siku ya kujifungua, damu kidogo tu ikimtoka inaweza kuwa hatari kwake. Kwa hiyo filamu kuhusu choo na viatu, ambayo mtu angeiona kama jambo dogo la usafi, ilikuwa filamu ya kuokoa wazazi.

Lakini waliotengeneza filamu zile walikuja na dhana zao. Waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo kila kitu kiende polepole na kwa urahisi kupita kiasi. Baadaye wakoloni wakawa na hadithi waliyopenda kuisimulia: kwamba wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa kwenye kitambaa walisema, "Sisi hatuna haja ya kuogopa, mbu wa kwetu si wakubwa hivyo." Waliisimulia kama ushahidi wa ujinga. Mimi nikiisoma naona kitu kingine. Mtu wa pwani au wa bara anayesema hivyo anaweza kuwa anatania, au anamwambia mgeni kwa adabu kwamba maelezo yake hayajatosha. Aliyeshindwa pale huenda ni mwalimu, si mwanafunzi.

Mradi wa Vugiri ulimalizika mwaka 1937 kwa kukosa serikali ya kuubeba. Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni kikiongozwa na William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria, na kitengo hicho kikaendelea mpaka mwaka 1955.

Kijana wa Tabora, na wanawake wa Mji Mkongwe

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likatokea jambo ambalo wengi wamelisahau. Katika kikosi cha senema kilichozunguka kuelimisha watu wa Tanganyika aliingia kijana aliyesoma Tabora, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Akawa pia mwigizaji katika filamu za Kiswahili za wakati ule, mojawapo Muhogo Mchungu. Ndiye huyo huyo Kawawa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Hapo sura iliyokuwa juu ya kitambaa, na sauti iliyosikika, ilikuwa ya mtu ambaye watazamaji wangeweza kumwita ndugu.

Mpanda yenyewe ilikuwa inazaliwa kama mji wakati huo huo. Madini ya risasi yalikuwa yamegunduliwa, na tawi la reli kutoka Kaliua likafika mwaka 1950. Mgodi mkubwa ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Ni reli hiyo hiyo inayonibebea dumu langu la asali.

Huku visiwani hali ilikuwa nyingine. Unguja ilikuwa na jumba la senema la Royal tangu mwaka 1921, na baadaye Majestic na mengine. Wanawake waliokaa ndani kwa heshima ya buibui hawakuachwa nyuma, kwani kulikuwa na maonyesho ya wanawake watupu, ambapo mama, mabinti na masomo wao walijaa ukumbi bila mwanamume kuwaona. Zaidi zilikuwa filamu za Misri na za Kihindi, mapenzi na nyimbo. Lakini jambo la kujifunza ni lile la mpangilio: wanawake walitengenezewa nafasi ya kutazama kwa stara, wakatazama pamoja, wakarudi nyumbani wakijadili. Kitu kikitakiwa, njia ya halali hupatikana.

Picha zetu zikaenda ng'ambo

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Badala ya filamu kuja Afrika kutufundisha, Afrika ikaanza kupigwa filamu ili kuufundisha ulimwengu. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitengeneza filamu kuhusu Serengeti, iliyotoka mwaka 1959. Michael alikufa kwa ajali ya ndege mwezi Januari mwaka huo huo wakiwa bado katika kazi ile, na filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Mwezi Julai mwaka 1960 akafika Gombe, kandokando ya Ziwa Tanganyika, msichana wa Kiingereza aliyeitwa Jane Goodall. Serikali haikukubali akae peke yake msituni, hivyo akaja na mama yake, Vanne. Mnaona? Hata huko, safari ya sayansi ilianza na binti aliyesindikizwa na mamake. Mwaka ule ule alimuona sokwe akichomeka kijiti cha jani kwenye kichuguu na kuvua mchwa, na wataalamu waliokuwa wakisema ni binadamu peke yake atumiaye zana wakalazimika kufikiri upya. Mwaka 1965 televisheni za Marekani zikaonyesha filamu ya National Geographic kuhusu kazi yake, iliyosomwa na mwigizaji mashuhuri Orson Welles. Dunia nzima ikaijua Gombe.

Lakini ukiisoma historia ya Gombe kwa utulivu utakutana na majina mengine: Rashidi Kikwale, aliyemwongoza Jane milimani siku za mwanzo. Hilali Matama, aliyekuja kuwa kiongozi wa wafuatiliaji wa sokwe, na ambaye mwaka 1974 alishuhudia mwanzo wa vita vya makundi mawili ya sokwe vilivyowashangaza wanasayansi. Hamisi, Yahaya, Eslom. Mwaka 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walipotekwa nyara na wageni wakaondoka, ni Watanzania hawa waliobaki wakaendelea kuandika kumbukumbu kila siku. Bila wao mnyororo wa taarifa za Gombe ungekatika. Walikuwa wanasayansi kwa kazi, ingawa si kwa cheo.

Na huku Katavi? Kaskazini mwa Mpanda, katika misitu ya Ugalla, kuna sokwe wanaoishi kwenye nchi kavu kuliko wenzao wa Gombe. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba sokwe wa Ugalla hutumia vijiti na magome kuchimba mizizi na viazi vya porini. Habari hiyo ilizunguka ulimwengu, kwa sababu inasaidia kufikiri juu ya namna viumbe wanavyopata chakula pakiwa pakame. Niulize mimi na wewe: ni mara ngapi tumeisikia kwa Kiswahili?

Ikumbukwe kwamba kwa muda mrefu Watanzania wa bara hata televisheni hawakuwa nayo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994. Maana yake ni kwamba picha za Gombe ziliingia sebuleni Chicago karibu miaka thelathini kabla ya kuingia sebule yoyote ya Kigoma au Mpanda.

Mwaka 1973: sauti bila picha

Sasa nataka niwaambie kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Kampeni kubwa kabisa ya elimu ya sayansi katika nchi yetu haikuwa filamu. Ilikuwa redio.

Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni iitwayo Mtu ni Afya. Vijijini viliundwa vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kitabu cha Kiswahili chepesi, na redio. Kwa majuma kumi na mawili watu walikaa chini ya mti au barazani, wakasikiliza kipindi, wakasoma sura ya kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani, kuchemsha maji. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya pili, Chakula ni Uhai, juu ya lishe. Na Waziri Mkuu wa miaka hiyo alikuwa Rashidi Kawawa, yule kijana wa kikosi cha senema.

Linganisheni na Vugiri. Somo lilikuwa lile lile: choo, safura, malaria. Vugiri walikuwa na picha zinazotembea, mashine na fedha za Marekani. Mtu ni Afya walikuwa na redio ya betri na kitabu. Kwa nini hii ya pili iliingia nyumbani? Kwa sababu aliyezungumza alizungumza Kiswahili cha watu, na kwa sababu baada ya kusikiliza watu walipewa nafasi ya kusema. Aliyekuwa na swali aliliuliza, na aliyejua alijibu. Mama aliyekuwa na aibu alimnong'oneza mwenzake. Elimu haikumwagwa kichwani mwao. Walikaa nayo.

Na sisi watu wa visiwani mpangilio huo tunaujua tangu zamani. Ndivyo anavyofanya somo na bi harusi. Hamsomei hotuba akaondoka. Anakaa naye siku nyingi, anamwambia, anamuuliza, anamsikiliza, anarudia. Mtu ni Afya, kwa maoni yangu, ilifaulu kwa sababu ilikuwa na tabia ya somo.

Kwa nini jambo hili si la anasa

Huenda dada mmoja atasema, "Viboko na sokwe vinanihusu nini mimi ninayechagua gauni la harusi?" Nipeni dakika chache.

Kwanza, asali. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Pembezoni mwake na katika misitu ya Mlele ndiko watu wanakotundika mizinga. Mzinga wa asili wa miombo mara nyingi hutengenezwa kwa gome: mti unachunwa mzima mzima kuzunguka shina, na mti uliochunwa hivyo hufa. Ndiyo maana wafugaji nyuki wengi wamehimizwa kutumia mizinga ya mbao. Mwenyezi Mungu ametupa sura nzima yenye jina la nyuki, na ndani yake tumeambiwa kwamba kinywaji kinachotoka matumboni mwao kina ponyo kwa watu. Mwaka 1973, mwaka ule ule wa Mtu ni Afya, Karl von Frisch wa Austria alipata tuzo ya Nobel kwa kazi iliyojumuisha kugundua kwamba nyuki huongea kwa kucheza. Anayerudi na habari ya maua hucheza kwa mzunguko kama tarakimu nane, na mwelekeo wa mchezo wake huwaonyesha wenzake upande wa kwenda kwa kulinganisha na jua. Nilipoiona filamu inayoonyesha mchezo ule nilisema subhanallah mara tatu. Tangu siku hiyo sijamwaga hata tone la asali.

Pili, maji. Mto Katuma ndio uhai wa Katavi. Juu yake watu wanalima mpunga na kuchepusha maji, na wakati wa kiangazi mto chini hubaki madimbwi. Zile picha za viboko waliobanana, ambazo watu wa mbali huzitazama kama ajabu ya maumbile, kwa sehemu ni picha ya maji yaliyopungua. Kiboko hukaa majini mchana kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, na mwili wake hutoa majimaji mekundu ambayo watafiti wa Japani walieleza mwaka 2004 kwamba hukinga miale ya jua na kuzuia vijidudu. Mola amempa mafuta yake ya ngozi, lakini bado anahitaji mto. Mkulima wa mpunga naye ana watoto wa kulisha. Simwonyeshei kidole. Nasema tu kwamba hayo mazungumzo kati ya mkulima na mto hayawezi kufanyika kwa lugha ambayo mkulima haielewi. Filamu inayomweleza mtazamaji wa London habari za Katuma na kumruka mama wa Mpanda imemruka yule mwenye uwezo wa kubadilisha jambo.

Tatu, na hili ndilo lililoniuma, ni mabinti. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Katavi wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha zaa au walikuwa na mimba. Wastani wa Tanzania ulikuwa 27. Kwetu Mjini Magharibi walikuwa 5. Kufikia mwaka 2022 wastani wa taifa ulishuka mpaka 22, alhamdulillah, lakini kila tarakimu ni mtoto wa mtu. Nchi moja, na binti wa huku na binti wa kule wanaingia utu uzima kwa milango tofauti kabisa.

Sisemi kwamba filamu ingetatua hilo. Umasikini, umbali wa skuli, mila na wanaume wasiomcha Mungu, yote yamo. Lakini binti asiyejua mwili wake unafanyaje kazi, asiyejua kwa nini nyonga za mtoto wa miaka 15 hazijawa tayari, asiyejua dalili za kifafa cha mimba, huyo ameachwa gizani. Na giza hili si lile la Ibn al-Haytham lenye tundu la mwanga. Sisi tuliobahatika kuwa na masomo na mabibi wa kutufunda, tukisema "la watu wa bara hilo", tutaulizwa.

La kufanya kuanzia sebuleni

Historia hii imenifundisha mambo matatu ambayo nawapa mabi harusi wetu kama zawadi, yakae kando ya sanduku.

Mosi, tazama pamoja na wenzio. Mtoto anapotazama makala ya wanyama, kaa naye. Zima sauti ukitaka, umsomee wewe kwa Kiswahili unachokijua. Ukikosea jina la kitaalamu si dhambi. Mwambie, "Hili sijui, tutalitafuta." Mtoto anayemsikia mama yake akisema sijui, kisha akamuona anatafuta, amejifunza sayansi kuliko filamu nzima.

Pili, tengeneza nafasi ya wanawake. Bibi zetu walikuwa na maonyesho yao ya stara. Sisi tuna simu mkononi. Katika siku za kumfunda bi harusi, pamoja na mambo ya nyumba na ya mume, tenga jioni moja. Wanawake watupu, filamu fupi iliyochaguliwa na mkunga au daktari mwanamke unayemwamini, juu ya mimba, damu na kunyonyesha. Iangalieni kwanza wakubwa, kisichofaa kiondolewe. Halafu izimeni, muongee. Kumbukeni siri ya mwaka 1973: faida iko kwenye mazungumzo baada ya kusikiliza.

Tatu, wasaidieni wanaosema kwa lugha yetu. Kuna vijana wa Kitanzania leo wanaopiga picha za mazingira na za afya na kuzisimulia kwa Kiswahili. Ukimuona mmoja anafanya kazi nzuri, msambazie. Ukiwa na binti anayependa wadudu au nyota, usimwambie hayo si ya mwanamke. Dada mmoja wa Katavi akisimama siku moja kando ya Katuma na kutueleza kiboko wa kwao, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao, na mtandio wake kichwani, mimi nitaita jirani wote waje watazame.

Mdogo wangu amekwisha anza. Wiki iliyopita alinipigia tena. Filamu ya viboko ilirudiwa, na safari hii alikuwa amejiandaa: alimuuliza mwalimu wa skuli ya jirani, akaandika maneno kwenye daftari. Akakaa na mwanawe na watoto wa majirani watano kwenye jamvi, akazima sauti, akasimulia mwenyewe kuanzia mwanzo. Alipofika kwenye majimaji mekundu ya kiboko, mtoto mmoja akasema, "Kumbe na yeye anapaka singo!" Wakacheka mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kuchungulia, naye akakaa.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awahifadhi mabinti wa Katavi na wa visiwani, na awajaalie mabi harusi wetu nyumba zenye nuru. Amin.

Wabillahi tawfiq.